Kabari Nisizozigonga

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyooa na kuliko siku niliyomzika mama yangu. Si siku ya furaha. Ningekuwa na uwezo wa kuisahau ningeisahau zamani, lakini Mola hutuachia baadhi ya siku makusudi, zikae nasi kama kigae unyayoni, ili tukikanyaga ovyo zituchome. Sogea karibu, maana sikio langu hili la kushoto limekwisha kazi, nami nitasimulia polepole. Haraka haraka haina baraka, na katika habari hii haraka iliua watu.

Mimi Athumani wa Miburani, huyu unayeniona nikichechemea kwenda msikitini, nilikuwa baharia wa meli. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nywele nimezifuga, na nikishuka pwani navaa suruali ya bugaluu iliyofagia mchanga wa Kilindoni wote. Usicheke. Kila zama na upuuzi wake.

Meli yetu iliitwa Sululu, kwa jina la yule ndege wa mdomo mrefu anayetembea matopeni maji yakitoka. Ilikuwa meli ndogo ya mizigo, kuukuu, nyeupe. Vita vya Kagera vilipozuka ikapakwa rangi ya kijivu. Unajua, wakati ule nchi nzima ilisimama kama mtu mmoja. Magari yalichukuliwa, treni zikajaa askari, kila kitu kikaelekezwa bara. Na huku kusini mvua zilikuwa zimeikata barabara ya Rufiji, na kule kulikuwa na kambi zenye vijana waliokuwa wakifunzwa kabla ya kupelekwa vitani. Watakula nini? Basi jeshi la wanamaji likaichukua Sululu, meli na watu wake, tuwapelekee chakula. Tukapewa mashati ya kijivu na kofia. Bunduki hatukupewa.

Hilo la bunduki liliniuma, mwanangu. Liliniuma kuliko njaa. Rafiki yangu wa utotoni, Shaibu, tuliyekuwa tukichimba naye chaza na kukimbizana naye madrasani, alikuwa amekwenda vitani. Redioni zinapigwa nyimbo za mashujaa, wasichana wanawashangilia vijana wanaoondoka, na mimi napakua magunia ya maharage. Nikiulizwa, "Athumani, na wewe uko jeshini?" najibu "Ndiyo," kisha nageuza maneno kabla sijaulizwa nafanya nini.

Aliyenisimamia kazini alikuwa serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitahani, Mzee Faki wa kisiwa cha Bwejuu. Mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja tulipokuwa tukipanga magunia alinisikia nikimwambia mwenzangu kwamba hii si vita, huu ni upagazi. Hakunifokea. Aliketi juu ya gunia la mchele, akanitazama.

"Athumani, askari hula risasi?"

"Hali, Mzee."

"Mwanangu Omari yuko huko mbele. Anayo bunduki, si kama wewe. Nikilala namwombea Mungu, na sijui kama amekula. Mahali fulani yuko mtu kama wewe aliyempakilia Omari chakula chake. Mtu huyo akiona kazi yake ni upagazi, mwanangu atakufa na bunduki mkononi." Akanyanyuka, akalikung'uta gunia vumbi. "Haya, panga. Na mdomo wa gunia uelekee ndani."

Niliona haya siku mbili. Siku ya tatu nikasahau. Ujana ni maji ya kifuu. Kwa mdudu chungu ni bahari, lakini jua kidogo tu yamekauka.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo hutanielewa. Meli ya mizigo ina tumbo, nalo huitwa falka. Juu ya falka kuna mdomo mpana, na mdomo ule siku hizo ulifunikwa kwa mbao, na juu ya mbao maturubai matatu. Kingo za turubai hubanwa kwa vyuma vilivyolala pembeni, na vyuma vile hukazwa kwa kabari za mti zinazogongwa kwa nyundo, moja baada ya moja, kuuzunguka mdomo wote. Kabari ni kijiti tu, si kikubwa kuliko kiganja chako. Lakini bahari ikipanda sitahani, kabari ndizo zinazoizuia isiingie vidole vyake chini ya turubai. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mzee Faki alikuwa na desturi. Falka ikishafungwa, yeye huizunguka akigusa kabari zote kwa mkono, kama mtu anayehesabu tasbihi. Mwaka mzima alipita nyuma yangu hivyo, na mwaka mzima niliudhika, nikiona haniamini.

Ikafika siku yenyewe. Tulikuwa tumetia nanga mbele ya Kilindoni. Gati halikuwapo, mizigo yote ilikuja kwa mashua. Watu wa Mafia walikuwa wametoa mchango wao wa vita: nazi kwa maelfu, na ng'onda, wale samaki waliokaushwa juani, magunia kwa magunia. Kina mama wa Miburani walikuja pwani na makuti yao ya kusukia makapu, wakisuka palepale na kujaza. Mama yangu naye alikuja na pakacha lake la nazi kichwani. Hakutaka lichanganywe. Alimkabidhi mwenye mashua, akanipungia mkono akisema kwa sauti, "Athumani! Hizi waambie ni za mama yao!" Wenzangu wakacheka, nami nikajifanya sijasikia.

Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Falka ya mbele ilikuwa imejaa na mimi nimeanza kuifunga. Mara nikasikia vigelegele ufukweni. Nikatazama. Shaibu! Amerudi likizo, mkono umefungwa bendeji, kavaa sare, na watu wamemzunguka kama bwana harusi. Aliniona juu ya sitaha, akanyanyua ule mkono mzima.

Nikamkimbilia serahangi. "Mzee Faki, nakuomba. Mashua ya mwisho inarudi ufukweni sasa hivi. Niende nimwamkie mwenzangu, nirudi nayo wanapoleta barua."

Akaitazama pwani, akanitazama. "Falka?"

"Namalizia."

"Ifunge kwanza. Ukishafunga, nenda."

Nikarudi na nyundo. Nikagonga kabari za upande wa tezi, yaani wa nyuma, zile zinazoonekana kutoka chumba cha usukani. Nikagonga za ubavu wa kulia na za ubavu wa kushoto. Zilibaki kumi za upande wa omo, yaani wa mbele, zilizojificha nyuma ya winchi. Mashua ilikuwa imeshafungua kamba. Mwenye mashua anaita, "Haya, wewe, twende!" Nikaitazama ile ndoo yenye kabari kumi. Nikaisukuma kwa mguu chini ya winchi. Nikajiambia nitazigonga nikirudi; hatuondoki sasa.

Mzee Faki alisimama kwenye ngazi. "Kabari zote?"

"Zote, Mzee."

Nilidhani atakwenda kuzigusa. Badala yake aliniwekea mkono begani. "Mwaka mzima nimepita nyuma yako. Leo sipiti. Umeshakuwa mtu. Nenda kamsalimie mwenzio."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimepigwa kwa mengi, lakini hakuna kofi lililonishinda kama lile neno. Wakati ule sikulihisi. Nilishuka ngazi nikikimbia.

Na huko ufukweni, unajua Shaibu aliniambia nini? Nilitarajia anisimulie mizinga. Alinishika mkono akaniambia, "Mna chakula mle? Chapukeni, jamani. Njaa ni mbaya kuliko bomu." Ndilo pekee alilosema la vita. Kisha akaniuliza habari za dada zangu.

Niliporudi melini nanga ilikuwa inapanda. Nikapewa kazi ya kukunja kamba huku nyuma. Nilizikumbuka zile kabari, usidhani nilisahau. Nilizikumbuka vizuri sana. Lakini Mzee Faki alikuwa amesimama palepale mbele, karibu na winchi, na nikifika pale na nyundo atajua kwamba nilimdanganya. Nikaona haya. Nikatazama bahari, shwari kama maji ya bakuli, kwa kuwa kisiwa kilikuwa kinatukinga. Nikasema moyoni, hazitadhuru. Basi uongo wa kwanza ulikuwa wa neno moja, na aibu ya kuufuta ikazaa msiba mzima. Mficha uchi hazai.

Tuliipita Ras Kisimani baada ya adhuhuri, pale yalipo magofu ya mji wa kale ulioliwa na bahari. Tulipoiacha ile ras nyuma, kisiwa kikaacha kutukinga. Kusi lilikuwa limeanza mapema mwaka ule. Wimbi la kwanza liliipiga Sululu usoni, likapanda, likaosha sitaha ya mbele na kumwagika pembeni. La pili likafanya vilevile. Nahodha akapunguza mwendo. Hakuna aliyeshtuka, bahari haishi zinge, haikosi misukosuko, na meli ile ilikuwa imekwisha kuona makubwa zaidi.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naitazama falka ya mbele.

Hapo ningeweza kusema, mwanangu. Nusu saa nzima nilikuwa nayo. Ningemwendea nahodha nikamwambia, geuza meli, turudi nyuma ya ras, kuna kabari sikuzigonga. Ningetukanwa, ningefukuzwa kazi, na watu wote wangefika makwao. Nilikaa nimeshika nguzo, nikihesabu mawimbi.

Mmoja wetu alipiga kelele, "Turubai!" Nikaona ukingo wa mbele umejikunjua, unapigapiga kama bawa la kuku aliyechinjwa. Wimbi lililofuata likayang'oa maturubai yote matatu likaenda nayo, na ubao mmoja ukainuka. Maji yakaanza kuingia falkani. Pampu ikafunguliwa, ikavuta kidogo, ikakoroma, ikanyamaza. Nyuzi za makumbi ya nazi ziliiziba. Ikazibuliwa, ikazibika tena. Ile nazi ya mama zetu, chakula cha watoto wao, ndiyo iliyotukaba koo.

Mzee Faki alikuwa ameshachukua nyundo na turubai la akiba. "Athumani, njoo!"

Tukaenda mbele tukitambaa, tumeshika kamba ya pembeni. Tulipofika nyuma ya winchi alipiga goti, akapapasa mahali pa kabari. Mkono wake ukaenda kushoto, ukaenda kulia. Palikuwa patupu. Kisha akaiona ndoo imebanwa chini ya winchi, na kabari kumi zikicheza ndani yake, hazijaguswa na nyundo.

Akageuza uso akanitazama. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye ndevu. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba ambayo haikuwa yake.

"Hizi hazikugongwa," alisema.

Nikafungua mdomo.

"Baadaye," akasema. "Baadaye utaniambia. Shika ncha ya turubai. Jifunge mkono kwenye ile kamba."

Nikajifunga. Yeye hakujifunga, kwa sababu alihitaji mikono yote miwili. Akagonga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa anachukua ya nne kutoka kwenye ndoo wimbi lilipokuja. Sikuliona, nilisikia tu giza na uzito, na kamba ikinikata mkono. Alama yake hii hapa, tazama. Maji yalipoondoka nilikuwa nimelala ubavu, turubai halipo, ndoo haipo, na Mzee Faki hayupo.

Sululu iliinamisha kichwa taratibu, kama mtu anayesujudu. Nahodha akaamuru tushuke kwenye mashua za kuokolea. Mafundi wawili waliokuwa chini kwenye mashine hawakuwahi kupanda. Majina yao ninayo, ninawataja kila nikisali. Kabla ya alasiri kwisha ilibaki mlingoti tu, kisha mapovu, kisha magunia ya ng'onda yakielea, na nazi, nazi nyingi mno, zikipanda na kushuka kama vichwa vya watu.

Waliotuokoa ni wavuvi wa dago, wageni waliokuwa wamepiga kambi Bwejuu kwa msimu, watu wa Kilwa na wa delta ya Rufiji. Walitoka na mashua zao katika bahari ile bila kuulizana. Wakatupeleka Bwejuu, kwa kuwa ndiko karibu. Bwejuu, mwanangu, nyumbani kwa Mzee Faki.

Watu wote walikuwa ufukweni. Mkewe, Bi Zuhura, aliingia majini mpaka magotini. Aliwatazama walioshuka katika mashua ya kwanza, akaja kwenye ya pili niliyokuwamo mimi. Aliniuliza mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu naye.

"Serahangi yuko mashua gani?"

Nahodha ndiye aliyeshuka akamshika mkono. Mimi nilipita pembeni nikaenda kukaa nyuma ya ngalawa, wakaniletea uji.

Baadaye tuliitwa mbele ya watu watatu waliotumwa kuchunguza. Walikuwa watu wa heshima, walituuliza bila vitisho. Zamu yangu ilipofika, yule aliyekuwa akiandika akasema, "Ndugu Athumani, kazi ya kuhakikisha kwamba falka ya mbele imefungwa ilikuwa ya nani?"

Nikasema, "Ya serahangi."

Neno hilo tu. Na halikuwa uongo, angalia. Kwa sheria ya meli ilikuwa kazi yake. Wakaandika. Nahodha alijaribu kusema, "Faki mimi simjui kwa uzembe, nimesafiri naye miaka tisa," lakini maiti hana wakili. Ikaamuliwa kwamba meli imezama kwa kuwa serahangi hakukagua kabari. Nikatoka pale nikapokewa Miburani kama shujaa. Katika mkutano wa kijiji nilipigiwa makofi. Mwenyekiti akasema, huyu ni kijana wetu aliyenusurika akiitumikia nchi. Mama yangu akalia kwa furaha. Hakuuliza habari za pakacha lake.

Habari zikasambaa, nazo hazina breki. Watu walikuwa wametoa nazi zao na samaki wao, wengine walivinyima vinywa vya watoto wao, na sasa wanaambiwa vimezama kwa uzembe wa mtu mmoja. Wakamkasirikia marehemu. Na hasira za watu zikipoa huwa mzaha. Ukaanza usemi. Mtu akiacha mlango wazi, akifunga mzigo ukalegea, wanamwambia, "Umefunga kifaki." Kilindoni sokoni wanasema, kifaki. Watoto wakicheza wanasema, kifaki. Mimi nasikia, nanyamaza.

Omari, yule mwana wa Mzee Faki, alirudi kutoka Kagera mzima, bila hata mkwaruzo. Alishuka Kilindoni akitafuta chombo cha kumvusha kwenda kwao. Alikuwa hajapata habari zote. Mtu mmoja akamwambia palepale pwani, mbele ya watu, "Ninyi mlikuwa mnapigana, baba yako huku anazamisha chakula chenu." Walikuwepo waliomzuia asimpige. Akavuka Bwejuu, akakaa na mama yake siku saba, kisha akaondoka. Alikwenda Mtwara, wengine wakasema amevuka Msumbiji. Hakuandika barua.

Na mimi nikaoa. Usinione ninavyosimulia haraka; ni miaka mitatu hiyo nimeipita kwa neno moja, na kila siku yake ilikuwa na urefu wake. Nilimwoa Mwanahamisi, bibi yako, Mungu amrehemu. Tulikuwa na mwezi mmoja ndani ya nyumba. Asubuhi moja kuku wawili hawakuonekana, fungo, yule mnyama wa mwituni, kawala. Mwanahamisi akatoka uani, akaona komeo la banda limelegea, akaniita huku anacheka, kwa mapenzi kabisa: "Bwana wee, jana ulifunga kifaki!"

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka chini. Kisha nikalia, mwanangu, mtu mzima mbele ya mke wa mwezi mmoja, nikalia mpaka akadhani nimepatwa na jambo. Akaniketisha, nikamwambia yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyasikia.

Hakunipa pole. Alikifunika kile kikombe, kisha akasema, "Na yule mama yuko hai?"

"Yuko."

"Basi chai hiyo utakunywa ukirudi."

Nikavuka siku ileile, Alhamisi. Nilimkuta Bi Zuhura barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Zuhura." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," akanisogezea jamvi. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliogopa kwamba nikikaa nitaanza na habari za mvua. Nilimwambia habari za ndoo, za Shaibu, za mkono alioniwekea begani, na za neno nililosema mbele ya wachunguzi.

Vidole vyake havikuacha kusuka. Nilipomaliza alivuta ule mkia wa ukili, akautazama.

"Nimeishi na Faki miaka ishirini na sita," alisema. "Mtu yule hakutoka nyumba hii hata siku moja bila kurudi kuusukuma mlango aone kama umefungika. Unadhani niliwaamini? Mimi sikuhitaji kuambiwa, Athumani. Aliyehitaji kuambiwa ni Omari."

Nikaanza kusema naomba radhi. Akanyanyua mkono.

"Radhi yangu nakupa, kwa sababu ya Mungu, na kwa sababu umekuja mwenyewe. Ya Faki si yangu kuitoa. Lakini jina lake ulilitupa mbele ya watu, nawe huwezi kunirudishia barazani tukiwa wawili. Kesho ni Ijumaa."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Baada ya sala ya Ijumaa nilisimama katika msikiti wa Bwejuu. Nikasema: jamaa, kabari za Sululu nilipewa mimi kuzigonga, sikuzigonga, na nilipoulizwa nikasema nimezigonga. Mzee Faki alikufa akifanya kazi niliyoiacha. Baada ya hapo sikumbuki nilisema nini. Ninakumbuka mvuvi mmoja wa dago, katika wale walionitoa majini, aliyesema polepole, "Kumbe siku ile tulimvua nani?" Wengine wakaanza kuguna. Imamu akawatuliza: "Mwacheni. Aliyejileta kwa miguu yake hapigwi."

Nilikwenda pia kwa wakubwa. Afisa mmoja aliandika maneno yangu yote, nikatia sahihi. Nilijiandaa kufungwa. Alifunga faili akanitazama kwa huruma fulani iliyonichoma, akasema, "Ndugu Athumani, laiti ungesema hivi siku ile." Akaniruhusu. Miburani watu walijua. Mwenyekiti aliyenipigia makofi aligeuza njia akiniona. Shaibu alikuja nyumbani, akakaa, akanywa kahawa, akaondoka; alirudi baada ya mwaka.

Kisha nilianza kumtafuta Omari. Kila baharia aliyekwenda kusini nilimpa salamu. Niliandika barua tatu. Moja ilirudi, mbili hazikujibiwa. Mpaka leo sijui kama alifikiwa na habari kwamba baba yake hakuwa mzembe. Bi Zuhura alikuwa akiniuliza kila nilipomletea mchele au mafuta ya taa, "Hakuna neno?" nami nasema, "Bado, mama." Alikufa akiuliza. Nililibeba jeneza lake mahali ambapo mwanawe angelibeba, na kila hatua nilijua kwamba bega lile si la Omari.

Na ule usemi haukufa. Nilidhani ukweli ukisemwa, uongo hukimbia. Sivyo. Uongo ulikuwa umeshatembea miaka mitatu, ukweli ulikuwa unajifunza kutambaa. Majuzi tu nimemsikia mtoto wa shule akimwambia mwenzake hivyo, kamba ya begi ilikuwa imelegea. Nikamwita nikamuuliza, Faki ni nani? Hajui. Nikamwambia. Akanisikiliza kwa adabu, akaondoka. Ndiyo kazi iliyonibakia, kuwasimamisha watoto njiani.

Sasa sikiliza, mwanangu, nikukabidhi nilichonacho. Usiipime kazi kwa makofi yanayopigwa. Uliyopewa ni amana, na huko mbele, mahali usipopaona, yuko mtu aliyeegemea juu yake bila kukujua jina. Ukiambiwa "umeshakuwa mtu," jua kwamba hiyo si zawadi, ni mzigo. Na kukosea utakosea, kuteleza si kuanguka. Lakini kosa liseme lingali bichi, lingali na dawa, wakati meli bado inaweza kugeuzwa. Usisubiri haya ikutoke, haya haitoki. Na likikufika la kuulizwa juu ya mtu asiyekuwepo, hasa aliyekufa, usijifiche nyuma ya neno la kweli. Kweli nusu ni kisu kizima. Mali ikipotea hutafutwa, lakini jina la mtu ukilivunja, hata ukiungama mbele ya ulimwengu, utaokota vigae tu.

Ikiwa utafika kusini, Mtwara au ng'ambo ya Ruvuma, na ukutane na mzee aitwaye Omari bin Faki wa Bwejuu, au wanawe, mwambie habari hii kama nilivyokwambia, usinipunguzie.

Haya, mwanangu. Mola akupe mikono isiyochoka na ulimi usiokwepa. Akukutanishe na watu watakaokuamini, na akulinde usiwavunje. Akufikishe kila uendako, na wote unaosafiri nao wafike. Amina.